Tasa

Ipo juu ya friji siku hizi, pamoja na bili za umeme:
tasa ya shaba, kina chake kiganja,
ina tundu moja kitakoni
ambalo punje ya ulezi haipiti.

Hivi ndivyo Sarvdeh ilivyogawana maji.
Unaiweka tupu ielee ndani ya beseni.
Maji yanaipanda kwa chini, polepole, kama aibu,
mpaka inajaa, inazama, inagonga: ting.
Hiyo moja. Unatia kokoto mfukoni.
Zamu ya mtu ilikuwa kuzama.

Bemanali wa makomamanga, tasa kumi na nane.
Msikiti tisa. Hamamu nne.
Golandam mjane, mbili na nusu, kabla ya alfajiri;
na ile nusu ilichorwa kwa msumari ndani ya shaba,
mstari ambao hadi leo kidole changu kinaujua.

Maji yenyewe hayakujua hesabu hizi.
Yalianza theluji, mgongoni mwa Shirkuh,
yakanywewa na mawe, yakalala miaka
mahali pasipo jina,
kisha yakashika njia iliyochimbwa na watu kwa magoti,
gizani, kwa kibatari na dua,
mwendo wa siku nzima chini ya jangwa,
yakijificha jua lisije likadai chake mapema.
Lilidai mwishoni tu, kwenye majani ya Bemanali,
likayapandisha tena, bila kelele, kuelekea mlimani.

Mwaka niliong'oka meno ya utoto
baba yangu, Khodadad, alileta pampu.
Mita mia na ishirini kwenda chini.
"Hii haitaki kokoto," alisema. "Hii unabonyeza."
Nikanyanyuliwa juu ya pipa, nimevaa viatu vipya,
na aliyebonyeza
ni mimi.

Sitasema uongo: tulishiba.
Pistachio zilijaa magunia, magunia yakajaa malori.
Friji hii ilitoka humo. Digrii yangu ya Tehran
ilinyweshwa na bomba lile, muhula kwa muhula.

Mwaka wa sita, alfajiri moja, Golandam alikuja na jembe lake.
Ami Nosratollah, mhesabu maji, akaweka tasa beseni.
Ting. Akatia kokoto.
Ting. Akatia kokoto.
Akangoja mstari wa msumari, akainua mkono.
Zamu yake alipewa yote, haikupungua tone.
Ila mferejini hakikupita kitu,
vumbi lenye unyevu, na samaki mmoja, saizi ya ukucha,
akigeuka ubavu huu, akigeuka ule.
Golandam akasema, "Ahsante."
Akabeba jembe akaenda.

Baba akachimba zaidi. Mia mbili. Mia tatu na kumi.
Majirani nao, kila mmoja na pampu yake,
mirija thelathini katika glasi moja.
Yakaja ya vuguvugu. Yakaja ya chumvi.
Ardhi, iliyokuwa imelala juu ya maji kama juu ya godoro,
ikaketi.
Ufa ukapita uwanja wa mpira wa shule, goli hadi goli.
Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe.
Baba hakuingia. Alisimama ukingoni, mikono mfukoni,
akasikiliza injini ikinyonya hewa.

Miti imekuwa tasa.
Nami nimebaki na tasa.

Jumanne boza lilikuja. Nikajaza sinki,
nikaishusha shaba juu ya maji ya kununua.
Dakika saba na kitu. Haijasahau kazi.
Ting.
Nikageuka, kama mtu aliyeitwa;
jikoni hakuna aliyekuwa na zamu.

Nina mkomamanga ndani ya kopo la rangi, dirishani.
Nikaumwagia hadi mstari wa msumari.
Nusu iliyobaki ni ya Golandam.
Nimeishika mpaka sasa, naziba tundu kwa kidole,
na sijui nimpelekee wapi.